Panya, Njiwa na Dereva wa Rusumo



Darajani Rusumo, lori linalotoka Dar es Salaam huhama upande wa barabara. Kwetu Tanzania gari hushika kushoto, Rwanda hushika kulia. Kabanga ni hivyohivyo, maana ukishavuka kuelekea Kobero umeingia Burundi, na Burundi nako ni kulia. Basi wilaya moja ya Ngara ina milango miwili ambapo dereva aliyeshika kushoto kwa zaidi ya kilomita 1,200, kuanzia bandarini, akapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco, anatakiwa aiache tabia hiyo ndani ya mita chache na kushika kinyume chake. Siku ya kurudi anaigeuza tena. Ninyi mnaoishi hapa mmezoea kuliona jambo hilo hata mmeacha kulishangaa. Mimi nimekuja kuliongelea, kwa sababu miaka mingi ya utafiti wa maabara juu ya dawa za jamii ya amfetamini imegusa hasa swali hilo: kiumbe aliyefundishwa jambo akalishika, dawa hiyo inamfanya nini?

Dawa ninayoifikiria zaidi ni mirungi. Wakenya huiita miraa, Waganda mairungi. Ni majani na vikonyo laini vya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Catha edulis, jina alilolitoa Peter Forsskål, msomi aliyefia Yemen mwaka 1763 akiwa safarini kukusanya mimea. Meru nchini Kenya ni zao halali linalolisha familia nyingi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaihesabu miongoni mwa dawa zilizokatazwa. Sikuja kuhubiri sheria, wapo wenye kazi hiyo. Lakini madereva wa masafa marefu wa Afrika Mashariki wanaijua mirungi kama kitu cha kufukuzia usingizi, na barabara inayopita hapa kwenu ni ya masafa marefu.

Kilichomo ndani ya jani kilijulikana vizuri mwaka 1975, pale maabara ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipoitenga kemikali iliyopewa jina la kathinoni. Ukiweka mchoro wa kathinoni kando ya mchoro wa amfetamini, tofauti ni ndogo mno: atomu moja ya oksijeni imekaa mahali ambapo amfetamini ina hidrojeni mbili. Peter Kalix wa Geneva, aliyeichunguza kwa miaka mingi, aliandika makala mwaka 1992 akiiita kathinoni amfetamini ya asili. Ndani ya ubongo zote mbili zinafanya kazi kwa njia moja. Seli za neva huhifadhi dopamini kwenye vifuko vidogo na kuitoa kidogo kidogo, kwa kiasi kinacholingana na kile kinachotokea duniani: chakula kimeonekana, hatari imejitokeza, jambo jema lililotarajiwa limefika. Amfetamini na kathinoni huifukuza dopamini hiyo itoke nje bila kungoja tukio lolote. Kathinoni haidumu. Jani likikatwa, siku chache baadaye sehemu kubwa ya nguvu yake imeshageuka kuwa kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo maana mirungi hufungwa kwenye majani ya migomba ili isinyauke, na magari yanayoibeba hukimbizwa usiku na mchana.

Je, mnyama naye anaziona dawa hizi mbili kuwa ni ndugu? Swali hilo lilijibiwa na panya mwenyewe, kwa jaribio ninalolipenda kwa sababu halimtegemei mtafiti kusema lolote. Panya anawekwa kwenye sanduku lenye vibao viwili vya kubonyeza. Siku aliyochomwa sindano ya amfetamini, kibao cha kushoto ndicho kinachotoa chakula. Siku aliyochomwa maji ya chumvi matupu, ni cha kulia. Baada ya wiki nyingi panya anajifunza kuusoma mwili wake mwenyewe: akijihisi hivi anakwenda kushoto, akijihisi vile anakwenda kulia. Kisha siku moja anapewa kathinoni, kitu asichowahi kukionja. Anakwenda kwenye kibao cha amfetamini. Majaribio ya aina hiyo yalifanyika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwangu ni ushahidi mzito kuliko mchoro wowote wa kemia.

Haki inanitaka niseme upande wa pili pia. Fungu la mirungi linalotafunwa polepole jioni nzima halilingani na sindano anayopigwa panya. Kathinoni huingia mwilini kwa saa kadhaa, na mtafunaji hujipimia. Ninapoelekeza matokeo ya maabara kwa binadamu aliye nyuma ya usukani, natumia hoja, na mahali ninapofanya hivyo nitawaambia wazi.

Sasa tuelewane juu ya tabia iliyofunzwa. Watanzania tuna mfano mzuri kuliko mataifa mengi. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa nchini, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Mkufunzi hubofya kifaa kinachotoa mlio, na mlio ukifuatwa na ndizi au karanga, panya anajifunza kwamba mlio ni habari njema. Kisha mlio unatolewa pale tu alipoikuta harufu inayotakiwa. Panya anasonga hatua kwa hatua mpaka amekuwa fundi. Anajifunza pia jambo gumu kuliko kukwaruza ardhi, nalo ni kutokukwaruza: kupita juu ya udongo usio na bomu bila kufanya lolote. Kipande hicho cha pili, kujizuia, ndicho kitakachotushughulisha sana leo.

Wa kwanza kuichukua amfetamini na kuipima kwa tabia ya namna hii walikuwa B. F. Skinner na W. T. Heron, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Makala yao ni ya mwaka 1937. Waliwafundisha panya kubonyeza kibao wapate chakula, halafu wakaukata ule uhusiano, ukawa ubonyezaji mtupu. Panya mzima katika hali hiyo hubonyeza kwa nguvu mwanzoni, hupunguza, na hatimaye huacha, kama kila mwenye akili anavyoacha kazi isiyolipa. Wale waliopewa benzedrini, jina la kibiashara la amfetamini wakati ule, walibonyeza mara nyingi zaidi. Dawa haikuwaonyesha chakula. Iliwapa nguvu ya kuendelea na jambo ambalo dunia ilikuwa imekwisha kulikataa.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema amfetamini huchangamsha, basi. Wengi waliishia hapo. Dawa zilipangwa katika mafungu mawili, zinazochangamsha na zinazopooza, na mjadala ukawa umefungwa. Aliyeufungua ni Peter Dews, Mwingereza aliyekuwa Harvard. Alifanya kazi na njiwa wanaodonoa kidude chenye mwanga ili wapate nafaka. Alizifahamu ratiba mbili na jinsi kila moja inavyomlea ndege. Katika ratiba ya idadi, njiwa hulipwa baada ya midono kadhaa, tuseme 50. Ndege huyo hudonoa mfululizo kwa kasi, maana kasi ndiyo mapato. Katika ratiba ya muda, nafaka hutoka kwa mdono wa kwanza baada ya dakika kadhaa kupita. Njiwa aliyeizoea ratiba hiyo hutulia mwanzoni, anaangaza macho, kisha huanza kudonoa polepole na kuongeza kadiri saa inavyokaribia. Mwaka 1955 Dews alionyesha kwamba kiasi kilekile cha dawa ya usingizi kinaweza kuivuruga tabia ya ratiba moja na kuiacha ya pili ikisimama. Mwaka 1958 akaandika juu ya methamfetamini, ndugu mkali wa amfetamini. Pale njiwa alipokuwa akidonoa taratibu, dawa ilimwongezea. Pale alipokuwa tayari anadonoa kwa kasi kubwa, dawa haikumwongezea, na ikizidi ilimpunguzia.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ugunduzi huu ulibadilisha elimu nzima ya dawa na tabia, na nje ya maabara haujulikani. Ndege ni yuleyule, dawa ni ileile, kipimo kilekile. Kilichoamua kama dawa itaharakisha au itapunguza ni jinsi tabia yenyewe ilivyokuwa ikienda kabla dawa haijaingia. Kwa hiyo swali la kwamba amfetamini hufanya nini haliwezi kujibiwa mpaka uulize: kwa kazi gani? Mimi naamini swali hilohilo linapaswa kuulizwa juu ya mirungi barabarani, na ndilo nililolibeba kuja nalo hapa.

Dereva akiniambia mirungi inamsaidia, simwiti mwongo. Kwenye kazi moja anasema kweli. Barabara iliyonyooka kati ya Singida na Nzega saa tisa usiku ni kazi ya kuchosha: taa, lami, mngurumo, taa. Mtu aliyechoka, akipewa dawa ya jamii hii, hukaa macho muda mrefu zaidi na hutambua ishara zaidi. Majeshi yaliyopigana Vita vya Pili vya Dunia yaliwagawia askari na marubani vidonge vya amfetamini na methamfetamini kwa sababu hiyo. Deni la usingizi halifutwi, linafichwa, na hudaiwa baadaye, lakini kwa saa zile dereva yuko macho.

Shida ni kwamba safari si kazi moja. Kutoka Kahama kuja huku unakuta foleni ya malori nyuma ya gari lililoelemewa mlimani, ambapo kazi ni kusubiri. Unakuta mizani, na kazi ni kusubiri. Unakuta ng'ombe wanavuka, watoto wanatoka shule, bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi inayoyumba pembeni. Unakuta vilima vya Ngara na kona zake. Unakuta foleni ya mpaka na karatasi za forodha. Nyingi kati ya hizi ni kazi za mwendo mdogo, zinazotaka mkono utulie. Kwa mujibu wa Dews, tabia za mwendo mdogo ndizo dawa inazoziongezea kasi.

Kusubiri kumepimwa hasa. Ipo ratiba ambayo panya hulipwa akibonyeza kibao baada tu ya kukaa bila kubonyeza kwa muda fulani, tuseme sekunde 30. Akibonyeza mapema, saa inaanza upya. Ni ratiba ya subira tupu. Panya hujifunza kwa namna ya kupendeza: mmoja anazunguka sanduku, mwingine anajilamba manyoya, kila mmoja amebuni njia yake ya kupitisha wakati. Ukimpa amfetamini anabonyeza mapema. Chakula alichokwisha kujua kukipata kinampotea, na kila kosa linairudisha saa mwanzo. Anajitahidi zaidi na kupata kidogo zaidi.

Sasa nafika kwenye jaribio ambalo lingenifanya nisafiri mpaka Ngara hata kama lisingekuwapo jingine. Mwaka 1966 Charles Schuster, ambaye miaka mingi baadaye aliiongoza taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, pamoja na Dockens na Woods, waliwafundisha panya ratiba mbili kwa zamu ndani ya kikao kimoja. Ya kwanza ni ile ya muda, ambapo kubonyeza kupita kiasi hakumpotezei panya chakula, ni jasho la bure tu. Ya pili ni ile ya subira, ambapo kubonyeza mapema kunamnyima. Amfetamini ya siku za mwanzo iliongeza ubonyezaji kwenye zote mbili. Wakaendelea kuwapa kila siku. Kadiri siku zilivyopita, kwenye ratiba ya subira panya walirudi polepole kwenye mwendo wao wa zamani, wakawa wanasubiri tena na kupata chakula chao. Wamezoea, tungesema. Lakini kwenye ratiba ya muda, ndani ya mwili uleule, siku ileile, damu ileile yenye dawa ileile, hawakuzoea. Waliendelea kubonyeza kupita kiasi kama siku ya kwanza.

Tafakarini maana yake. Tulidhani kuzoea dawa ni kazi ya ini na damu: mwili umeizoea, basi umeizoea. Panya wa Schuster wanasema kuzoea huko kunakuja pale dawa inapomgharimu mnyama kitu. Pale isipomgharimu, hakuna kinachomfundisha kujirekebisha, na upotofu unabaki.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1971, Carlton na Wolgin walilithibitisha kwa njia nyingine. Amfetamini huua hamu ya kula, kila mtafuna mirungi anajua. Panya waliopewa dawa kabla ya kuwekewa maziwa walikunywa kidogo sana siku za mwanzo, kisha wakazoea wakanywa vizuri. Kundi jingine lilipewa dawa kiasi kilekile, kwa siku zilezile, ila baada ya maziwa kunywewa. Hilo la pili lilipokuja kupewa dawa kabla ya maziwa, lilikuwa kama halijawahi kuionja: hamu ikafa. Dawa yote ile iliyopita mwilini mwao haikuwazoesha, kwa sababu hawakuwahi kufanya kazi ya kunywa wakiwa nayo. Wolgin aliendelea na suala hili kwa miongo, akaonyesha kwamba panya waliozoea walikuwa wamejifunza kuvizuia vile vitendo vya kurudiarudia, kutikisa kichwa na kunusanusa, ambavyo dawa huvileta na ambavyo humzuia mnyama kutulia kwenye mrija wa maziwa. Kuzoea kulikuwa ujuzi, na ujuzi huo ulihusu kazi iliyofanyiwa mazoezi.

Hapa natoka maabara na kuingia kwenye hoja yangu mwenyewe. Dereva anaposema yeye ni mzoefu wa mirungi, nataka kumuuliza amezoea kufanya nini nayo. Kuna mambo ambayo dawa humtoza kila siku: chakula kisichoshuka, mkono unaotetemeka mbele ya askari, usingizi unaokataa kuja akifika. Kwa hayo naamini amezoea kweli, maana yamemfundisha. Lakini je, haraka? Kulipita gari la mbele kabla nafasi haijafunguka vizuri? Jambo hilo halimtozi kila siku. Analifanya mara nyingi na kufika salama, na akifika mapema analipwa mapema, pengine anapata safari nyingine kabla ya mwenzake. Upotofu huo haujamnyima maziwa hata siku moja, mpaka siku utakapomnyima kila kitu. Kwa mantiki ya Schuster, hilo ndilo eneo ambalo hata miaka 20 ya kutafuna haitamzoesha. Anajihisi mzima kwa sababu dalili zinazomsumbua zimetulia, na dalili isiyomsumbua iko palepale.

Turudi darajani. Wataalamu wana jaribio la kugeuza. Mnyama anaonyeshwa vitu viwili, chini ya kimoja kuna chakula. Akishakijua kwa uhakika, mtafiti anageuza: chakula kinahamia chini ya kile kingine. Mnyama lazima aiache elimu iliyokuwa sahihi dakika moja iliyopita. Mwaka 1981 Rosalind Ridley na wenzake nchini Uingereza walichapisha kazi waliyoifanya na mamoseti, kima wadogo wa Amerika ya Kusini. Amfetamini iliwaharibia kugeuza. Hilo linaafikiana na yale ambayo Randrup na Munkvad walikuwa wameyaona nchini Denmark katika miaka ya 1960: panya aliyepewa kipimo kikubwa anaishia kunusa, kulamba na kutafuna mahali pamoja bila kuacha. Mwaka 1975 Lyon na Robbins waliyaweka matokeo hayo kwenye kanuni moja, kwamba kadiri dawa inavyoongezeka, mnyama hufanya kwa wingi zaidi mambo machache zaidi. Mlango wa tabia unazidi kuwa mwembamba, na kasi ya kupita humo inazidi kuwa kubwa.

Basi mchukueni dereva aliyetafuna tangu Singida, mnono wa dopamini isiyo na habari yoyote ndani yake, mnyonge wa usingizi, mfikisheni Rusumo na mwambieni: sasa kulia. Usukani wake nao, kwa malori mengi yaliyosajiliwa kwetu, uko upande wa kulia, kwa hiyo akivuka anajikuta amekaa ukingoni mwa barabara, na akitaka kulipita gari la mbele haoni mpaka utingo amwangalizie. Anahitaji kugeuza mzunguko wa kuingia kwenye keplefti, kugeuza jicho la kwanza anapotoka kwenye kituo cha mafuta, kugeuza upande wa kukimbilia gari jingine linapomjia uso kwa uso. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu pale hakuna muda wa kufikiri na mkono hurudi kwenye elimu yake ya kale. Na akirudi Tanzania, jambo lilelile. Sina kipimo cha ajali kinachoniruhusu kusema ngapi zimetokana na nini. Ninachosema ni kwamba kama ungemwomba mtaalamu wa maabara akuchagulie kazi ambayo mtu mwenye amfetamini mwilini hapaswi kuifanya, angekuchagulia kazi inayofanyika Rusumo na Kabanga kila siku.

Nimeulizwa habari za wanafunzi, maana wapo wanaotafuna kabla ya mitihani. Nitajibu kwa ufupi. James McGaugh na wenzake walionyesha kwamba amfetamini kidogo, ikitolewa mara tu baada ya somo, inaweza kumsaidia panya kukumbuka. Kipimo kikizidi, faida hugeuka hasara. Mwanafunzi wa Ngara hana maabara ya kumpimia, na usiku anaoukesha ndio ubongo wake ulioutaka kwa ajili ya kulihifadhi somo. Zaidi ya hayo, mwaka 1964 Donald Overton aliwafundisha panya njia wakiwa wamepewa dawa ya usingizi, na walipoondolewa dawa hawakuikumbuka njia mpaka waliporudishiwa. Kwa dawa za jamii ya amfetamini jambo hilo ni hafifu zaidi, lakini mzazi yeyote angependa mwanawe ajifunze katika hali atakayokuwa nayo chumba cha mtihani.

Kuhusu wanaotaka kuacha nina jambo la kuwapa. Panya akichomwa amfetamini mara kadhaa ndani ya sanduku moja, kisha siku nyingine akachomwa maji ya chumvi tu na kuwekwa mlemle, atachangamka. Sanduku lenyewe limekuwa ishara. Akipewa vyumba viwili achague, atakaa kwenye kile alichopewa dawa, ingawa leo hakina kitu. Wengi wanaoacha mirungi nyumbani bila taabu kubwa hujilaumu wanapoanguka kwenye kituo fulani cha njiani, kioski fulani, pamoja na utingo fulani, saa fulani ya jioni. Wasijione dhaifu. Kituo kile kimefanya kwao kilichofanywa na sanduku kwa panya. Badilisheni mahali pa kusimama. Kama mlizoea kusimama Nyakanazi, simameni Lusahunga au Nyakahura, kuleni chakula cha moto, mlale hapo. Ishara ikikutana na mtu mara nyingi bila dawa kuifuata, nguvu yake hupungua. Hilo nalo panya wametuonyesha.

Jambo ni la haraka kwa sababu ndugu wakali wa mirungi wako njiani. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Yote niliyoyasema juu ya jani yanaihusu methamfetamini kwa ukali mara nyingi zaidi, nayo haina shida ya kunyauka wala haihitaji majani ya mgomba.

Nimalizie kwa wenye malori, wengine wao wamekaa hapa mbele. Polisi wanaweza kumpekua dereva, na mara nyingine wanapaswa. Lakini njiwa wa Dews hakuchagua ratiba yake, aliandikiwa. Dereva naye ameandikiwa: malipo kwa safari, posho isiyoongezeka akilala njiani, simu ya kila saa ya kumuuliza amefika wapi. Hiyo ni ratiba ya idadi, na ratiba ya idadi huzaa kasi hata bila jani moja mdomoni. Ninaomba usiku mmoja wa kulala ulipwe kabla ya mpaka, Benaco au popote mtakapokubaliana, ukiwa na posho yake na risiti yake, na dereva asipokewe mzigo Kigali wala Bujumbura bila kuonyesha kwamba amelala usiku huo. Gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja la trela. Mkataba unaweza kuandikwa upya wiki hii, na dereva atakayekuwa wa kwanza kuusaini ningependa kumsikia mwenyewe, kwa hiyo naomba wenyeviti wa vyama vya madereva walioko humu wabaki baada ya maswali.